Kuonja mvinyo wa Ufaransa na Ureno: anza na chupa mbili mbili

Anayeanza kujifunza kuonja mvinyo mara nyingi hununua chupa moja ya bei, huifungua, hunusa, hunywa, kisha hubaki na neno moja tu: mzuri. Ulimi wake hauna kasoro. Chupa ile imekosa ya kulinganishwa nayo, na ulimi hauwezi kutaja asidi, tanini (ukakasi wa mvinyo) au harufu ya pipa bila kuwa na kipimo. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni huu: usionje chupa moja peke yake. Fungua mbili zinazotofautiana kwa jambo moja, na ujue kabla ya kumimina ni jambo gani unalitafuta.

Gharama isikutishe. Chupa ya mililita 750 hutoa vionjo 15 vya mililita 50. Watu 8 wakichangia chupa mbili, kila mmoja amelipa robo ya bei ya chupa na bado kinabaki cha kurudia.

Glasi ziwe za aina moja, zenye tumbo na mdomo uliobana kidogo. Osha kwa maji ya moto na suuza hadi harufu ya sabuni iishe kabisa. Usizihifadhi kifudifudi kwenye kabati, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani hushika harufu ya mbao, na utakuja kuidhania ni ya mvinyo. Mililita 50 zinatosha. Glasi iliyojaa haizungushiki. Siku ya kuonja acha marashi, na usionjee kwenye chumba kilichofukizwa udi. Dawa ya meno, kahawa na pilipili viwe vimepita saa moja au zaidi.

Joto la mvinyo ndilo linaloharibu vionjo vingi kuliko kitu kingine chochote, hasa pwani. Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe kwenye joto la chumba, lakini chumba wanachokisemea ni cha nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam huweza kufika 30. Kwenye joto hilo alkoholi hupanda puani kwanza na kufunika matunda, na mvinyo wenye mpangilio mzuri huonekana umelegea. Uweke kwenye friji dakika 30 hadi 40 kabla ya kumimina. Mweupe una tatizo la upande wa pili: friji ni nyuzi 4, na kwa baridi hiyo harufu karibu zote hulala. Utoe dakika 15 kabla. Mweupe mwepesi unafaa kwenye nyuzi 8 hadi 10, mweupe mzito 10 hadi 13, mwekundu mwepesi 12 hadi 14. Ukiwa na haraka, chukua ndoo, weka barafu nusu na maji nusu na konzi ya chumvi. Barafu tupu hupoza polepole kwa sababu kati ya vipande kuna hewa. Maji ndiyo yanayoigusa chupa pande zote.

Kuonja kwenyewe ni hivi. Shika glasi kwenye mguu, iinamishe juu ya karatasi nyeupe, tazama rangi, na usikae hapo sana. Nusa kabla ya kuizungusha. Izungushe, nusa tena. Piga funda la mililita 10 hivi, lipeleke kila upande wa mdomo, vuta hewa kidogo juu yake kupitia midomo iliyobana, lishike sekunde 10, kisha teme. Baada ya kutema hesabu sekunde ambazo ladha inabaki. Kutema si madoido ya wataalamu. Vionjo 6 vya mililita 50 ni mililita 300, karibu nusu chupa. Ukivimeza, maoni yako kuhusu cha sita hayana thamani.

Jozi ya kwanza iwe ya asidi. Weka Vinho Verde ya zabibu ya Loureiro, kutoka kaskazini-magharibi ya Ureno kwenye mvua nyingi, kando ya mvinyo mweupe wa Alentejo, kusini kwenye jua kali. Usiulize ni upi mchachu, angalia mate. Baada ya kutema Vinho Verde, mate hujaa pembeni mwa ulimi na huendelea kutoka. Zabibu inapoiva kwenye joto, asidi hushuka na sukari hupanda, ndiyo maana wa Alentejo ni mpole zaidi na huwa na alkoholi zaidi. Vipovu vidogo kwenye Vinho Verde si kasoro. Mara nyingi mtengenezaji huongeza gesi kidogo wakati wa kujaza chupa.

Ya pili ni ya tanini, na hapa wengi huchanganya uchungu na ukakasi. Tanini ni ukakasi: ule unaoshika ufizi na kukausha mashavu kama ukila bibo lisiloiva vizuri. Chukua Beaujolais ya Ufaransa, ya zabibu ya Gamay, na mwekundu wa Bairrada, Ureno, wa zabibu ya Baga. Kwa Beaujolais, vichala vizima huwekwa kwenye tangi na uchachukaji huanza ndani ya tunda lenyewe, hivyo rangi na matunda hutoka bila tanini nyingi. Baga ina punje ndogo na ganda nene, na Bairrada iko karibu na Atlantiki ambako mvua huweza kuingia kabla ya mavuno kukamilika; iliyochumwa mapema hukwaruza kweli. Usiikatae kwa funda la kwanza. Onja tena na kipande cha nyama yenye mafuta: tanini hushikana na protini na mafuta ya nyama badala ya mate yako, na ukakasi hupungua papo hapo.

Ya tatu ni pipa. Chablis na Meursault zote ni za zabibu ya Chardonnay na zote ni za eneo la Bourgogne, Ufaransa, ila Chablis ya kawaida hukaa kwenye tangi la chuma na Meursault kwenye mapipa ya mwaloni. Meursault ni ghali. Mweupe mwingine wa Bourgogne uliopitia pipa utafundisha somo lile lile. Mtu aliyekulia karibu na karafuu ana faida hapa. Mwaloni una eujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake, na pua ya Pemba huinasa haraka. Vanila nayo hutoka humo humo.

Hili linatufikisha kwenye maneno. Orodha za harufu zilizoandikwa Ulaya zimejaa matunda ambayo wengi wetu hatujawahi kuyashika mkononi. Usiyakariri. Andika unachokijua: zambarau, pera, pasheni, komamanga, ukwaju, majani yaliyokatwa asubuhi. Sancerre, ambayo ni zabibu ya Sauvignon Blanc ya bonde la Loire, Ufaransa, wengi watasema pasheni na majani. Zabibu ya Gewürztraminer ya Alsace, mashariki mwa Ufaransa, ni waridi waziwazi. Riesling, zabibu nyingine ya Alsace, mvinyo wake uliozeeka hutoa harufu ya mafuta ya taa. Ukiipata ukaandika hivyo, umeandika sahihi, na si ishara ya kuharibika.

Kuna harufu nyingine ambazo ni kasoro kweli. Kadibodi iliyolowa, huku matunda yamefifia, maana yake kizibo kimeambukiza mvinyo. Kuuacha wazi hakutasaidia kitu, rudisha chupa. Dawa ya kufutia rangi ya kucha, au siki, ni asidi ya asetiki (ile ya siki) na kemikali zinazotokana nayo zimezidi. Mweupe mchanga uliogeuka kahawia na kunuka tufaha lililopondeka umeingiwa na hewa. Kiberiti au yai bovu ni jambo jepesi zaidi: zungusha glasi kwa nguvu, au tumbukiza kipande safi cha shaba, na mara nyingi huondoka. Kizibo kilichotokeza juu ya mdomo wa chupa, hasa kwenye duka lisilo na kipoza hewa, kinaashiria chupa ilipata joto kali. Usiinunue hata ikipunguzwa bei. Chembe zinazong'aa kama sukari chini ya kizibo si vioo. Ni chumvi ya asidi ya tatariki, haina madhara.

Kuhusu lebo, jambo moja linatosha kwa sasa. Ufaransa huandika mahali kuliko zabibu, Alsace ikiwa ndiyo tofauti kubwa. Médoc, eneo la Bordeaux, itakuwa na zabibu ya Cabernet Sauvignon kwa wingi, Saint-Émilion, pia ya Bordeaux, Merlot, na Bourgogne nyekundu Pinot Noir. Ureno zabibu moja hubadili jina kulingana na eneo: Tinta Roriz ya Douro ndiyo Aragonez ya Alentejo, na Wahispania huiita Tempranillo. Neno Garrafeira kwenye chupa nyekundu ya Ureno lina masharti ya sheria, miezi 30 au zaidi ya kukaa, 12 kati yake ndani ya chupa. Grand Vin kwenye lebo ya Bordeaux halikuhakikishii ubora wowote.

Jozi inayofundisha kuliko zote ni Ruby na Tawny ya miaka 10, zote aina za Porto, mvinyo mtamu wa Ureno unaoongezwa pombe kali. Bonde ni moja, la Douro, ambalo mipaka yake iliwekwa mwaka 1756 chini ya Marquês de Pombal, waziri mwenye nguvu wa Ureno, na zabibu ni zile zile. Uchachukaji hukatizwa kwa pombe ya zabibu ya asilimia 77, takriban lita 115 kwa lita 435 za juisi inayochachuka. Hamira hufa, sukari hubaki, na alkoholi huwa asilimia 19 hadi 22. Kinachozitofautisha ni chombo. Ruby hukaa muda mfupi kwenye tangi au pipa kubwa sana, hewa haiifikii sana, hivyo hubaki nyekundu na yenye zambarau mbichi. Tawny huzeeka kwenye mapipa madogo ya lita 550 hivi. Hewa hupenya mbao, rangi hugeuka ya kahawia, na harufu huwa ya karanga zilizokaangwa, zabibu kavu na karameli. Ukishaijua Tawny, hutababaika tena kutambua hewa kwenye mvinyo mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo Tawny iliyofunguliwa hudumu mwezi na zaidi kwenye friji, wakati Porto ya Vintage, iliyozeeka ndani ya chupa bila hewa, huchoka kwa siku mbili tatu. Hiyo Vintage isimamishe wima saa 24 kabla ya kuifungua, imimine polepole kwenye jagi huku tochi ikimulika shingo ya chupa, na acha mara mashapo yanapofika begani.

Ukiona umezielewa jozi, jipime. Mwenzako amimine glasi tatu za mililita 20 bila wewe kuona, mbili za mvinyo mmoja na moja ya mwingine, wewe utafute isiyofanana. Kubahatisha kunakupa nafasi moja katika tatu, kwa hiyo raundi moja haisemi kitu. Fanya 5, naye abadilishe mpangilio kila mara. Ukipatia 4 au 5, hiyo si bahati tena. Ukipatia 2, rudi kwenye Loureiro na Alentejo, na safari hii angalia mate tu.