Jinsi nilivyojifunza kuchagua maneno yanayouza makala

Makala yangu ya kwanza kuhusu vifaa vya kupandia Kilimanjaro ilikaa sokoni miezi saba bila mnunuzi. Ninaposema sokoni nina maana ya zile tovuti ambako mwandishi wa kujitegemea anapandisha makala aliyokwisha kuiandika, anaweka bei, kisha anasubiri mwenye blogu au kampuni ya utalii ije kuinunua. Nilikuwa najua ninachokiandika. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, kaka yangu anapandisha wageni mlimani tangu nikiwa sekondari, na soksi zake za sufu zikirudi zimelowa nazianika mimi. Ila kwenye kisanduku cha maneno muhimu, yale ambayo mnunuzi huyatumia kuitafuta makala, nilikuwa nimeandika: mountain, Africa, adventure, nature, travel.

Hakuna neno la uongo pale. Tatizo ni kwamba kila aliyeandika chochote kuhusu bara hili ameweka hayo hayo. Nilikuja kuliona siku nilipofungua akaunti ya mnunuzi kwenye soko lile lile, nikaanza kuitafuta makala yangu kama mtu baki. Nikaandika Africa. Zikaja za simba, za muziki, za mikopo midogo, za malaria. Nikapekua kurasa mpaka nikachoka, yangu sikuiona. Kama mimi niliyeiandika nimeshindwa kuipata, mtu wa Denver kule Marekani mwenye haraka zake ataipataje? Ndugu yangu, kama unauza makala na hujawahi kufanya jaribio hili, lifanye leo kabla hujaandika makala nyingine.

Dawa yenyewe niliipata mbali na kompyuta. Jirani yetu ana duka la kukodisha vifaa vya mlima mjini, na siku za wageni wengi huwa naenda kumsaidia. Akaingia mgeni mmoja Mmarekani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu imeandikwa Kilimanjaro packing list. Chini yake: headlamp, gaiters, trekking poles, rain pants. Nikaichukua kwenda kutoa vitu, nikajikuta nimesimama katikati ya rafu. Taa ile ya kuvaa kichwani mimi nimeiita torch, kama tulivyofundishwa shuleni. Fimbo nimeziita walking sticks. Suruali ya mvua, waterproof trousers. Na gaiters, zile za kufunga kutoka kwenye kiatu kwenda juu kuzuia mawe madogo na vumbi, nimezieleza kwa sentensi nzima bila kuzitaja jina.

“Vipi mwanangu, hujui headlamp ni ipi?” mama mwenye duka akaniuliza.

“Naijua, mama. Ila sijawahi kuiandika.”

Usiku ule niliifungua makala upya. Sikubadilisha kisanduku peke yake, nilibadilisha na maneno ya ndani, kwa sababu mnunuzi akiletwa na headlamp halafu akakuta torch kila aya, anaona amepotezwa. Nikaweka: Kilimanjaro packing list, Kilimanjaro gear, Machame route, headlamp, cold weather layers. Wiki ya tatu ikanunuliwa. Aliyenunua ni kampuni inayouza safari za mlima kwa Wamarekani.

Hapo kuna jambo wengi wetu hatulifikirii. Anayenunua makala siye atakayeisoma. Ni mtu mwenye tovuti inayohitaji kujazwa, na anatafuta kwa maneno ambayo anataka wateja wake waandike Google ili wamfikie yeye. Kwa hiyo unachagua neno la mtu wa tatu ambaye hutamwona kamwe, yule mpandaji aliyeko kwao anayejiuliza abebe nini. Ukilipata neno lake, mwenye tovuti naye atakuwa analitafuta hilo hilo.

Pa kuyapata maneno hayo ni pengi na bure. Andika Kilimanjaro kwenye Google, acha nafasi, kisha ongeza herufi moja moja na usome mapendekezo yanayoshuka. Soma pia maswali yanayojitokeza katikati ya ukurasa. Angalia tu kwamba ukiwa Moshi unaletewa ya Moshi. Badilisha nchi kwenye mipangilio uone Marekani wanauliza nini. Halafu kuna Google Trends, ambako unaweka maneno mawili uyashindanishe nchi kwa nchi, uone lipi linatafutwa zaidi. Jaribu cilantro na coriander. Ni dhania ile ile, lakini Mmarekani anasema la kwanza na Mwingereza la pili. Mahindi ni corn kule na maize huku. Mafuta ya taa ndiyo hatari zaidi: ukiandika paraffin, Mmarekani anafikiria nta ya mishumaa. Chagua unamwandikia nani na ubaki upande mmoja. Kile Kiingereza changu cha shule kingemfaa Mwingereza vizuri tu, ila hata yeye taa ya kichwani anaiita head torch.

Usihangaike na kurudia neno mara ishirini. Tangu mwaka 2011, Google ilipoleta mabadiliko yaliyoitwa Panda, tovuti zilizojaa makala dhaifu za namna hiyo zilishushwa, na wanunuzi makini wanazikimbia. Na kama una blogu yako, ile sehemu iliyofichwa ya kuandika maneno muhimu haikusaidii kupanda Google. Wenyewe walisema mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Kisanduku cha sokoni ni kitu kingine, hicho kinasomwa na utafutaji wa soko lenyewe.

Kosa ninalolijutia ni lile la kuongeza Serengeti kwenye makala ya mlima, kwa kuwa niliona inatafutwa sana. Mnunuzi mmoja aliiona, akanitumia ujumbe mfupi kuuliza Serengeti iko aya ya ngapi. Sikuwa na jibu. Nililiondoa siku ile ile, lakini hakurudi tena, na alikuwa mtu anayenunua makala kumi kumi.

Siku hizi natembea na daftari dogo lenye safu mbili: ninavyosema mimi, anavyosema mgeni. Juzi dukani nimeongeza mistari miwili. Mgeni aliuliza njia ya Lemosho kwa siku nane, mwingine akataka kujua Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inaanzwa lini. Ya Lemosho naiandika wiki hii, ipate kuwa sokoni miezi kadhaa kabla ya Juni, msimu wa ukavu haujaanza na kampuni bado zinajaza tovuti zao.