Nilitia sahihi mshahara wa 11,000. Je, leba (ofisi ya kazi ya serikali) watanisikiza?

SWALI: Nafagia godauni hapa Changamwe tangu Januari 2025. Nalipwa 11,000 kwa mwezi, nyumba najilipia. Siku ya kuanza nilitia sahihi karatasi kuwa nimeridhika. Nina haki ya kudai? – Mfagizi, Changamwe, Mombasa

JIBU: Unayo, dada, na karatasi hiyo isikutie hofu. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 chafuta mapatano yoyote yaliyo chini ya kima cha chini cha mshahara cha serikali, hata ukiwa umetia sahihi.

Kwa amri iliyoanza 1 Novemba 2024, mfagizi wa Mombasa hapaswi kupata chini ya shilingi 16,113.75. Kwa kuwa hupewi nyumba, ongeza asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba, yaani 2,417.06. Jumla ni 18,530.81. Toa 11,000, unamdai mwajiri 7,530.81 kwa kila mwezi. Ikiwa unakatwa NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya ya serikali), hesabu mshahara wa kabla ya makato, si ule ulioingia kwenye simu. Wengi hukosea hapo, na wakili wa mwajiri hupata pa kushika.

Piga *334# utoe taarifa yako ya M-Pesa. Kama pesa hutoka nambari ya msimamizi, si ya kampuni, mwajiri aweza kukana kuwa anakujua. Kwa hivyo weka pia jumbe za kupangiwa zamu, kitambulisho cha getini na picha ya daftari la mahudhurio penye jina lako.

Nenda nazo ofisi ya leba ya kaunti. Hulipi chochote. Afisa ana mamlaka ya kuingia godauni, kudai rekodi za mishahara na kumshtaki mwajiri. Mkiitwa kupatanishwa, usitie sahihi popote palipoandikwa “nimelipwa haki zangu zote” kabla pesa hazijatimia. Mapatano yakishindikana, mahakama ya hakimu husikiza kesi za wanaolipwa hadi 80,000 kwa mwezi.

SWALI: Bosi asema atakayekwenda leba atafutwa. – Mlinzi, Likoni

JIBU: Kulalamika si sababu halali ya kufutwa, kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira chasema wazi. Akikufuta, korti yaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Lakini wahi kupeleka malalamiko kabla hajakufuta, na uondoke leba na nakala yako iliyogongwa muhuri wenye tarehe.