Maswali yenu: chunusi, urithi na kinga ya mwili

Baba na mama wote walisumbuliwa na chunusi. Je, na mimi nitazikwepa?

Huenda usizikwepe. Utafiti wa pacha uliochapishwa Uingereza mwaka 2002 ulikadiria kuwa kama asilimia 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika chunusi inatokana na urithi. Hata hivyo hakuna jeni moja ya chunusi. Ziko nyingi, kila moja na mchango wake mdogo. Kama wazazi wamebaki na makovu, usingoje: anza matibabu mapema.

Nanawa uso mara tano kwa siku na bado zinatoka. Nakosea wapi?

Hapo kwenye mara tano. Mbili zinatosha. Chunusi si uchafu, na kusugua kunazidi kuichokoza ngozi.

Nasikia bakteria wa chunusi wako kwa kila mtu. Mbona rafiki yangu ana uso laini?

Swali hili nimelipenda. Ni kweli, Cutibacterium acnes huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, akila mafuta ya ngozi. Lakini aina zake hazifanani, na kinga za watu nazo hazifanani. Mafuta yakiziba kinyweleo, seli za kinga humtambua bakteria huyo kupitia vipokezi viitwavyo TLR2, kisha humwaga kemikali kama interleukini-1. Chembe nyeupe za damu zinaitika wito, kipele kinavimba, kinauma, kinatunga usaha. Usaha huo kwa sehemu kubwa ni chembe hizo hizo zilizokufa vitani. Kwa wengine vita huisha haraka. Kwa wengine uvimbe hukawia, na hao ndio hubaki na makovu. Ukikiminya unausukuma uvimbe ndani zaidi.

Basi kinga yangu ni dhaifu? Ninunue vidonge vya kuiongeza?

Hapana, weka pesa yako. Kinga yako haijalala. Tatizo ni kwamba inajibu kwa nguvu mno.

Nimeandikiwa isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi. Inafanyaje kazi?

Hunyausha tezi za mafuta, zikasinyaa, bakteria wakakosa chakula. Pia hupunguza uvimbe. Midomo itakauka sana. Kwa mwanamke, kubwa ni hili: dawa hii huharibu mimba vibaya, hivyo hakikisha huna ujauzito kabla ya kuanza, na ujikinge wakati wote wa kuitumia na mwezi mmoja baada ya kuacha.