Kwa Watarajali: Nani Amesema Ni Malaria?

Wiki iliyopita, katika ripoti ya asubuhi, mtarajali mmoja, daktari aliye katika mwaka wa mafunzo kazini, aliwasilisha mgonjwa wa malaria kali, na nilipomuuliza nani amesema ni malaria, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba imeandikwa kwenye rufaa, yaani barua ya kituo kilichomtuma mgonjwa. Sikumgombeza, ingawa nilitamani, kwa sababu jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, tena kwa kujiamini kuliko yeye.

1. Isomeni rufaa, kisha iwekeni pembeni mumpime mgonjwa upya. Methali ya lisemwalo lipo iacheni getini.

Katika mwaka wangu wa utarajali nilipokea usiku mvulana wa miaka 11 kutoka zahanati moja, akiwa amelegea na anahema kwa kina na kwa kasi, karatasi yake ikisema malaria kali, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya. Nilinakili. Nikaanzisha artesunate, dawa ya malaria kali, na kwa kuwa tumefundishwa kuogopa sukari kushuka kwa mgonjwa wa namna hiyo, nikamtundikia dripu ya dextrose, yaani maji ya sukari, bila hata kumchoma kidole kupima sukari. Mama yake aliniambia mara mbili kwamba mtoto anakunywa maji kupita kiasi na ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu akiwa na miaka minne. Nikamjibu kwamba homa huleta kiu. Nilimwamini mtu nisiyemjua, aliyeandika nusu ukurasa kwa haraka, nikampuuza mwanamke aliyekuwa akianika godoro la mtoto huyo kila asubuhi kwa wiki tatu.

Saa tisa usiku muuguzi wa zamu, mama wa makamo ambaye tulimwogopa sote, alikuja na glukometa mkononi akasema, "Daktari, mashine inaandika HI." Nikamwomba apime tena kwa mashine nyingine, maana niliishuku mashine kabla ya kuishuku karatasi. Ya pili nayo ikaandika HI, yaani sukari iko juu kuliko mashine inavyoweza kusoma. Mtoto alikuwa na kisukari, damu yake imejaa asidi, nami kwa saa tano nilikuwa namwongezea sukari mshipani. Alizinduka siku ya tatu. Siku ya kuruhusiwa, mama yake aliniletea ndizi kwa kunishukuru. Niliwapa wauguzi zote, kwa sababu sikuweza kumeza hata moja.

2. Hata mRDT chanya ihojini. Kipimo kinachosaka HRP2, protini ya vimelea vya malaria, kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha, kwa hiyo ulizeni mgonjwa alitibiwa malaria lini mara ya mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali 10 za Tanzania, ulikuta kwamba miongoni mwa waliolazwa kwa jina la malaria kali, chini ya nusu walikuwa na vimelea kwenye damu, na kwamba wasio navyo walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko walio navyo. Wengi wetu tulikariri takwimu hizo chuoni kwa ajili ya mtihani, tukafaulu, tukaja wodini kunakili rufaa.

3. Msimhoji mgonjwa kama polisi. Badala ya kumuuliza kama amemaliza dawa, mwombeni awaonyeshe paketi.

4. Bosi naye huhojiwa, na hapa ninajitaja. Mwezi uliopita, katika raundi kuu, nilieleza picha ya eksirei ya kifua kwa takriban dakika kumi, nikionyesha maji kwenye pafu la kushoto, huku wote mkiandika kwa bidii na kutikisa vichwa. Nilipomaliza, mmoja wenu akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba picha hiyo ni ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Alikuwa sahihi, na nilimshukuru mbele ya wote. Baadaye nilimuuliza alilitambua kosa hilo wakati gani, akaniambia kwamba ni pale nilipoinua picha, kabla sijafungua mdomo.