Mjomba anasema hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu: nimjibu nini?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu ni fundi mitambo mstaafu, mtu makini, na ndiye aliyenifundisha hesabu nikiwa mdogo. Haamini kwamba binadamu ndiye anayebadilisha tabianchi. Anasema tabianchi imekuwa ikibadilika tangu enzi na enzi, hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa yote kwa hiyo haina ubavu wa kufanya lolote, na kama kuna joto basi jua ndilo lenye kesi. Nimemtumia grafu, makala na video, na kila nikituma anazidi kukaza. Mara ya mwisho tuliachana kwa hasira mbele za watu. Nimjibu vipi kitaalamu, na bila kumpoteza mjomba wangu?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, acha kumtumia grafu. Grafu zenyewe hazina kosa, ila kwa mtu kama mjomba wako zinachochea moto. Mwaka 2012 Dan Kahan na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Climate Change utafiti uliowapima Wamarekani ujuzi wao wa sayansi na hesabu. Ungedhani kadiri ujuzi unavyopanda ndivyo watu wanavyokaribiana. Ikawa kinyume: wenye ujuzi mkubwa ndio waliotofautiana zaidi, kila mmoja akivutia upande wa kundi lake. Aliye hodari wa hesabu ana zana nyingi za kutetea anachokiamini tayari, na mjomba wako, kwa maelezo yako mwenyewe, ni hodari.

Usielewe hapo kwamba ukweli hausaidii. Kuna kipindi ilisemwa sana kwamba ukimsahihisha mtu ndipo anapozidi kushikilia kosa lake, lakini majaribio ya baadaye yaliyohusisha maelfu ya watu yaliiona hali hiyo kwa nadra mno. Suala ni ukweli upi unampelekea. Grafu inamwambia joto limepanda, haimwambii kwa nini. Michael Ranney wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake, waligundua kwamba watu wakielezwa kwa maneno mia chache tu jinsi gesi joto, yaani gesi zinazonasa joto kama hewa ukaa, zinavyofanya kazi, wengi husogea kuelekea kukubali. Na mjomba wako ni fundi. Fundi haridhiki kuambiwa mtambo umeharibika, anataka kufungua kifuniko aone.

Basi mfungulie kifuniko. Tuanze na asilimia 0.04, maana hapo ndipo penye nyama.

Ardhi ikishapashwa na jua huurudisha ule moto juu kama mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Nitrojeni, oksijeni na agoni, ambazo kwa pamoja ni zaidi ya asilimia 99 ya hewa kavu, huiacha mionzi hiyo ipite kana kwamba zenyewe hazipo. Hewa ukaa huinasa. Mwanafizikia John Tyndall alilipima jambo hili maabara mwaka 1859, kwa hiyo si habari ya juzi. Kuilinganisha hewa ukaa na hewa yote ni sawa na kuhesabu mashabiki wote uwanjani kisha useme wachezaji 22 ni wachache mno kuamua mechi.

Miaka ya nyuma niliulizwa swali hilihili na mhandisi mmoja mtu mzima, baada ya mhadhara. Nilimtajia taasisi zote zinazokubaliana na jambo hili, moja baada ya nyingine. Alinisikiliza kwa heshima, akashukuru, akaondoka. Sikuwa nimemjibu. Aliniuliza juu ya gesi, nikamjibu juu ya watu, na bado naona uchungu kwamba nilimwacha aende hivyo.

Mwingine aliponiuliza, nilitoa karatasi na kumpa kalamu yeye. Nikamwambia: tuseme hewa yote iliyo juu yetu tunaishusha na kuibana mpaka iwe na kanieneo ya hapa chini. Itakuwa tabaka la unene wa kilomita 8 hivi. Sasa zidisha kwa 0.00042, ambayo ndiyo sehemu ya hewa ukaa. Akaandika kwa tarakimu ndogondogo, akapata mita 3.4. Akakagua mara ya pili, akaipigia mstari chini. Kisha akainua macho kutazama dari la ukumbi, lililokuwa na kimo kama hichohicho, akakaa kimya kidogo. Kizuizi cha gesi kuanzia sakafuni hadi darini, juu ya kila kichwa duniani, si kitu cha kubeza tena.

Hakusema "umenishinda", nami sikumsubiri aseme. Aliniuliza swali gumu zaidi: "Kama ni nyingi hivyo, si tayari inanasa yote? Ukiongeza nyingine itanasa nini?" Nilifurahi sana. Ndilo pingamizi alilolitoa mwanafizikia Knut Ångström mwaka 1900, na liliwachelewesha wanasayansi wazima kwa miongo kadhaa. Jiandae nalo, maana mjomba atafika hapo.

Jibu lake ni hili. Mionzi iliyonaswa haiishii hapo. Hewa iliyopata joto hutoa tena mionzi, juu na chini, na tabaka linalofuata hunasa, likatoa, hivyo hivyo kupanda juu, mpaka inafika mahali hewa imekuwa nyepesi kiasi kwamba mionzi inaponyoka kwenda anga za mbali. Ukiongeza hewa ukaa, mahali hapo pa kuponyokea panapanda juu zaidi. Na huko juu kuna baridi zaidi, na kitu cha baridi hutoa mionzi kidogo. Kwa hiyo dunia inapoteza joto kidogo kuliko inalopokea, na itaendelea kupata moto mpaka mizani irudi sawa. Mwambie mjomba afikirie mtambo unaopokea joto lilelile kila saa huku sehemu yake ya kupoozea ikipunguzwa uwezo. Atakumalizia sentensi.

Hili limepimwa pia kutoka juu. Setilaiti ya Nimbus 4 ilipima mionzi ya joto inayotoka duniani mwaka 1970. Chombo kingine kikapima mwaka 1997, na John Harries na wenzake wakalinganisha vipimo hivyo viwili katika jarida la Nature mwaka 2001. Kwenye mawimbi yaleyale yanayonaswa na hewa ukaa na methani, mionzi inayotoka ilikuwa imepungua.

Akikuambia mvuke wa maji unanasa joto zaidi kuliko hewa ukaa, mkubalie, kwa sababu ni kweli. Ila mvuke hunyesha ndani ya siku kumi hivi, na wingi wake hufuata joto lililopo. Sehemu ya hewa ukaa tunayoongeza, tena si ndogo, hukaa karne kwa karne. Hewa ukaa inasukuma, mvuke unakuza msukumo.

Kuhusu tabianchi kubadilika tangu enzi, mkubalie pia, na umkubalie yote, usimpe nusu. Mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yametupa rekodi ya miaka 800,000: enzi za barafu zikija na kuondoka, hewa ukaa ikipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 hivi katika kila milioni. Leo zimepita 420. Kisha muulize, na uulize kwa kutaka kujua anavyofikiri: "Mjomba, zile za zamani, nini kilizibadilisha?" Enzi za barafu zilianzishwa na mabadiliko madogo katika njia ya dunia kulizunguka jua na katika mwinamo wake, mambo yanayochukua makumi ya maelfu ya miaka. Kama msukumo mdogo namna ile ulitosha kufunika nchi nzima nzima kwa barafu na kuifungua tena, basi huu ni mtambo mwepesi wa kuitikia. Historia anayoitaja kama ushahidi wa kututuliza ndiyo inayonikosesha usingizi mimi.

Na kama atasema labda hewa ukaa hiyo inatoka kwenye volkano: volkano zote kwa mwaka hutoa chini ya asilimia 1 ya ile tunayotoa sisi. Tena kaboni ina alama. Kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, huoza na kupungua nusu kila miaka 5,730, kwa hiyo makaa ya mawe na mafuta, yaliyozikwa mamilioni ya miaka, hayana hata chembe yake. Tukiyachoma, kaboni-14 ya angani inazimuliwa. Mwanakemia Hans Suess aliuona uzimuaji huo kwenye miti mwaka 1955, kabla hili halijawa jambo la kugombania.

Sasa turudi kwa mjomba mwenyewe, kwa sababu kuna neno katika barua yako lililonigusa. Ni fundi mitambo. Ameishi maisha yake yote akizifanya injini ziwake. Zimevuta maji, zimewasha taa hospitalini, zimesomesha watoto wake. Unapomwambia kwamba moshi wa injini unaiharibu dunia, inawezekana anachosikia ni kwamba kazi ya mikono yake ilikuwa dhambi. Hakuna grafu inayojibu jeraha la namna hiyo. Mwambie waziwazi, kabla ya fizikia yoyote, kwamba unajua kazi ile iliwafaa watu. Ni kweli, na umwambie kwa sababu ni kweli, si kama mtego. Molekuli ya hewa ukaa haimlaumu mtu.

Msikilize pia ujue anapinga nini hasa. Wako wanaokubali fizikia yote kimoyomoyo, ila wanaogopa kinachofuata: kodi, kunyang'anywa chombo cha kazi, kuamriwa na watu wasiowahi kushika spana. Huyo ukimfundisha kaboni-14 unampotezea muda. Anastahili mazungumzo mengine kabisa, juu ya nini kifanyike na nani abebe gharama, na humo anaweza kuwa na hoja nzuri kuliko zako. Njia ya kumjua ni kuuliza: "Kati ya sifuri na kumi, una uhakika kiasi gani kwamba sisi si sababu?" Akisema nane, usimuulize kwa nini si tatu. Muulize hizo mbili zilizobaki zina nini. Mdomo wake mwenyewe utakuonyesha mlango.

Mazungumzo hayo yawe ya wawili. Mbele za watu mkubwa hawezi kurudi nyuma bila kupoteza heshima, na wewe ndiye utakuwa umemfungia njia. Nenda ukamwombe radhi kwa ile siku kwanza, hata kama bado unaamini ulikuwa sahihi kuhusu tabianchi. Usidharau nafasi yako kama mdogo, pia. Utafiti mmoja uliofanyika North Carolina na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuata wanafunzi waliosoma tabianchi darasani na kuzungumza nyumbani. Wazazi wao waliongezeka kujali, hasa kinababa na wale wa siasa za kihafidhina, yaani waliokuwa na mashaka zaidi. Mtoto hasikiki kama mpinzani wa kisiasa.

Upo mfano ninaoupenda wa mtu aliyegeuka. Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley, alitilia shaka hadharani rekodi za joto zilizokuwa zikitumiwa. Badala ya kubishana, alikusanya timu, wakachukua vipimo vya vituo vya dunia nzima na kuanza hesabu upya. Mwaka 2012 akaandika kwamba joto limepanda kweli na kwamba karibu lote linatokana na binadamu. Angalia kilichomgeuza: hesabu yake mwenyewe, kwa mkono wake.

Limebaki jua, na hili ndilo ningelifanya la kwanza mtakapoketi, kwa kuwa fundi atalipenda. Nguvu ya jua imepimwa na setilaiti mfululizo tangu 1978. Inapanda na kushuka katika mzunguko wa miaka 11 hivi, lakini kwa ujumla haijapanda, huku joto la dunia likipanda. Hata hivyo usianze kwa kumpa vipimo hivyo. Anza na swali: "Mjomba, chukua tabaka la hewa lililo juu ya hili tunaloishi, stratosfia. Kama jua ndilo linalotupasha, tabaka hilo lingepata joto au lingepoa? Na kama ni hewa ukaa, je?" Mwachie muda. Anywe maji, azunguke, arudi. Jua likiongezeka, juu na chini vyote vingepata joto. Hewa ukaa ikiongezeka, huku chini kunapata joto na kule juu kunapoa. Wanasayansi wa tabianchi Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilikokotoa hilo mwaka 1967, kabla setilaiti hazijaanza kupima, na vipimo tangu 1979 vinaonyesha stratosfia imepoa. Sehemu ya kupoa huko, hasa katika stratosfia ya chini, imetokana na kupungua kwa ozoni, gesi ya huko juu inayonasa miale ya jua. Mwambie wewe kabla hajalikuta mwenyewe mahali pengine. Juu kabisa, ozoni haitoshi kueleza kilichopimwa.

Akikugeuzia kibao na kukuuliza nini kingekufanya wewe ubadili msimamo, mwonyeshe hapohapo: stratosfia ya juu ikianza kupata joto miaka nenda miaka rudi huku hewa ukaa ikipanda, mimi na wewe tutarudi mezani kuanza upya. Kisha mpe kalamu.