Kompyuta kuukuu kuwa seva ya nyumbani Goma: anza na ile utakayoweza kuibeba

Ndugu, umeeleza kwamba mjomba wako amefunga kibanda chake cha kuchapa na kutoa fotokopi kule Birere, hapa mjini Goma, akakuachia mashine tatu: laptopu ya Lenovo ThinkPad T430 ambayo betri yake haimalizi nusu saa, Dell OptiPlex 7010 ya mezani iliyo nzima, na mnara wa zamani, yaani kompyuta ya sanduku la kusimama, wa Pentium 4. Unauliza ni ipi uigeuze seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote ikihifadhi na kugawa faili kwa watu wa nyumbani. Waliokujibu kabla yangu wameichagua OptiPlex, kwa hoja kwamba ina nafasi ya diski mbili na feni kubwa. Mimi nina seva nyumbani kwangu Katindo tangu mwaka 2019, na nilianza na mashine ya mezani ya aina hiyohiyo kwa hoja hizohizo. Leo nakushauri uchukue T430, na naomba nieleze kwa kirefu kwa nini.

Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, sisi tulibaki nyumbani. Tarehe 27 alfajiri, ilipotolewa amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji, nilikuwa na watoto wawili, mama mkwe asiyeweza mwendo mrefu, na seva yangu ile ya mezani, mnara wa chuma uliobeba picha zetu zote pamoja na rekodi za sauti ya marehemu baba akisimulia maisha yake ya ujana Walikale. Sikuweza kuubeba mnara ule hadi mji wa Sake tulikokimbilia, na sikuwa na muda wa kutafuta bisibisi ya kuzifungua diski. Tuliporudi mwezi Juni nyumba ilikuwa imesimama, lakini matetemeko yaliyofuata mlipuko yalikuwa yameuangusha mnara kutoka mezani. Diski ya kwanza ikawa inagonga kila ilipowashwa, na ya pili, niliyoitegemea kama nakala rudufu, ilisomeka nusu tu, kwa kuwa ilikuwa ndani ya sanduku lilelile na ilianguka anguko lilelile. Picha nyingi tuliziokoa. Rekodi za baba hatukuzipata. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kuhusu seva yoyote ya hapa kwetu ni kama ninaweza kuizima, kuchomoa waya mmoja na kutoka nayo mlangoni ikiwa ndani ya mkoba.

Swali la pili ni umeme. Nilipima kwa kipimo cha kuchomeka ukutani: T430 yangu, ikiwa na diski ya SSD (isiyo na sehemu zinazozunguka) na kioo kimezimwa, inakula wati 12 hivi ikiwa haina kazi nzito. OptiPlex niliyokuwa nayo ilikula kama wati 35 katika hali hiyohiyo, na mnara wa Pentium 4 wa jirani yangu ulizidi 90. Zidisha kwa saa 24 na siku 30, utaona kwamba laptopu inamaliza chini ya kilowati-saa 9 kwa mwezi, OptiPlex kama 25, na mnara ule zaidi ya 64. Kwa sisi tunaonunua umeme kwa kulipa kabla, tofauti hiyo inaonekana kwenye mita kabla ya mwezi kuisha. Na umeme unapokatika, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Betri ya risasi ya volti 12 na amperi-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu yake. Wati-saa 600 hizo zinaiendesha T430 kwa saa kama 40 ukitumia chaja ya gari inayopandisha volti 12 kuwa 20, ambazo ndizo laptopu hiyo inazohitaji. OptiPlex lazima ipitie inveta, yaani umeme unapandishwa hadi volti 220 kisha unashushwa tena ndani ya mashine huku sehemu yake ikipotea kuwa joto, na betri ileile haikufikishi mbali zaidi ya saa 12 au 13.

Jambo ambalo halijaguswa katika majibu yaliyotangulia ni waya wa ardhi. Mji wetu umejengwa juu ya mwamba wa lava, na kuupata udongo wa kuzamisha fimbo ya kutosha ni kazi ngumu, hivyo nyumba nyingi hazina waya wa ardhi wa kuaminika, na sanduku la chuma la mashine ya mezani hukutekenya vidole ukiligusa. Pia Kivu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mwaka 2020 nilivuta waya wa mtandao wa mita 30 kutoka kwangu hadi nyumba ya nyuma ya parseli, yaani kiwanja chetu, na mvua moja ya Oktoba ikaunguza swichi ya mtandao na tundu la mtandao la mashine yangu kwa pigo moja, ingawa radi yenyewe haikuanguka kwetu. Kati ya nyumba na nyumba tumia waifai. Waya uishie ndani ya chumba kimoja.

Sasa maandalizi, na hapa usiharakishe. Vumbi la Goma ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magurudumu: ni zito, lina makali, na likichanganyika na mafuta ya feni linakuwa kama msasa. Fungua T430, ondoa feni pamoja na bomba lake la shaba, na utazame kati ya feni na mapezi ya chuma ya kupoozea, mahali ambapo kwa kawaida utakuta zulia zima la vumbi ambalo upepo wa nje hauwezi kulitoa. Lisafishe kwa brashi laini huku umezuia feni isizunguke, na usipulize kwa mdomo kwa sababu pumzi ina maji. Futa pasta kavu ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa, utie mpya kiasi cha punje ya mchele. Yangu ilikuwa inafika nyuzi 91 ikipewa kazi, na baada ya usafi huo haikuvuka 70. Hewa yetu ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari ina ubaridi, nayo inakusaidia ikiwa tu ina njia ya kupita, kwa hiyo iweke mashine juu ya ubao ulioinuka, si sakafuni na si juu ya kitambaa.

Betri ya laptopu ndiyo inayofanya kazi ya kuishikilia mashine umeme unapokatika ghafla, kwa hiyo hata betri ya dakika 25 ina faida kubwa: inatosha kwa mfumo kujizima kwa utaratibu. Lakini ichunguze kwa macho na kwa mkono. Ikiwa imevimba hata kidogo, itoe na usiitumie tena, kwa maana betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto usiku mkiwa mmelala. Ikiwa ni nzima, weka programu ya TLP, inayosimamia betri kwenye Linux, na uiamuru isichaji kupita asilimia 80, kwa sababu betri inayokaa imejaa mwaka mzima huchakaa haraka. Angalia pia kibetri cha CR2032 kinachotunza saa. Kikifa, kila mashine ikizimwa inarudi tarehe ya miaka ya nyuma, na tovuti zote salama zinaikataa kwa kudhani vyeti vyao havijaanza kufanya kazi. Nilipoteza siku mbili nikiulaumu mtandao, kumbe kosa lilikuwa kibetri hicho.

Diski iliyomo usiiamini mpaka uiulize. Amri ya smartctl itakuonyesha sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa kwa kuharibika na zile zinazosubiri kuhamishwa, na ikiwa hesabu ya zinazosubiri si sifuri, diski hiyo isipewe kitu unachokipenda. SSD ndogo ya gigabaiti 120 kwa ajili ya mfumo endeshi inatosha, na kumbukumbu ya gigabaiti 8 ni nyingi kwa kazi nitakazozitaja. Mfumo nao nakushauri uwe Debian, aina ya Linux isiyolipiwa, bila mapambo ya kioo, yaani unaiamuru kwa kuandika tu. Katika faili ya logind.conf, amuru mashine isilale kifuniko kikifungwa, la sivyo utaifunga na huduma zote zitakatika.

Neno moja kuhusu kibodi. Mashine nyingi zinazotufikia zimetumika Ulaya, na kibodi zake ni AZERTY (mstari wa juu wa herufi unaanza na A, Z badala ya Q, W), mara nyingine ya Ubelgiji, ambayo alama zake hazikai mahali pamoja na zile za Ufaransa. Ukichagua mpangilio usio sahihi wakati wa kusakinisha, nywila uliyoiandika kwa vidole siyo iliyohifadhiwa, na utajifungia nje ya mashine yako mwenyewe. Wakati wa kuanza, chagua nywila ndefu ya herufi ambazo haziathiriki: epuka a, q, z, w, m na tarakimu.

Kuhusu huduma za kuweka, nadhani wengi tunapotea kwa kuwaiga watu wa nchi ambazo intaneti yake haina mwisho. Wao wanajenga seva ili wajitoe kwenye huduma za makampuni makubwa. Kwetu megabaiti zinanunuliwa kwa vifurushi vinavyokwisha, na faida kuu ya seva ni kwamba kitu kinashushwa mara moja na kutumiwa na watu wote. Parseli yetu ina familia nne na wanafunzi tisa, na huduma inayotumika kuliko zote ni Kiwix, inayowapa Wikipedia nzima bila intaneti kupitia kivinjari cha simu yoyote iliyo kwenye waifai ya nyumba. Faili ya Kifaransa yenye picha inazidi gigabaiti 30. Niliishusha usiku kwa usiku kwa njia ya torenti, inayoshusha faili vipande vipande na kuendelea pale ilipoishia hata umeme ukikatika mara kumi. Ile ya Kiswahili ni ndogo sana na utaipata mara moja. Usijaribu kuihifadhi faili ya Kifaransa kwenye diski ya USB yenye mpangilio wa FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, tumia ext4 au exFAT. Wakati wa kujiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wasichana wawili wa jirani walikuwa wakikaa barazani kwetu na simu ya mama yao isiyo na hata unite moja ya salio, wakisoma biolojia hadi saa tatu za usiku. Kwangu hiyo peke yake ililipa gharama yote.

Baada ya Kiwix, weka Syncthing, ambayo inachukua picha za simu za familia na kuziweka kwenye seva kila simu inapoingia nyumbani, bila kupitia nje hata kidogo. Ukiwa na mashine zaidi ya moja za Debian, ongeza apt-cacher-ng, ili sasisho likishashushwa na mashine moja zile nyingine zilichukue kutoka hapo. Nextcloud, ya kujiwekea hifadhi ya faili mtandaoni, ni programu nzuri na ninaiheshimu, lakini inataka kutunzwa na kusasishwa kila wakati, nami nisingekupa mzigo huo katika mwaka wa kwanza.

Umeuliza pia jinsi ya kuifikia seva ukiwa chuoni. Kwa wengi wetu tunaotumia mtandao wa simu, anwani tunayopewa inachangiwa na wateja wengi, kwa hiyo kufungua milango (port) kwenye ruta hakusaidii. Programu ya Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, njia ya siri ya kuunganisha mashine kupitia intaneti, inapita kikwazo hicho bila kuiweka seva wazi mbele ya dunia nzima. Isakinishe kwenye seva na kwenye simu yako, basi.

Nakala rudufu ninayoitegemea sasa ni diski mbili za nje za terabaiti 1, zote zimefungwa kwa LUKS, kufuli la Linux linaloficha data kwa nywila, ili atakayeziokota asizisome. Moja inakaa kwangu na inaandikwa kila Jumapili, nyingine inakaa kwa dada yangu Bukavu. Kila ninapopata mtu wa kuaminika anayevuka ziwa kwa boti, tunabadilishana, na kabla ya kuituma nafungua faili kumi bila mpangilio kuhakikisha kwamba zinasomeka kweli. Mwaka jana faili tatu kati ya kumi zilikataa kufunguka, nikagundua kwamba kebo ya USB ilikuwa mbovu kwa miezi miwili na nilikuwa nikinakili uharibifu bila kujua.

OptiPlex usiiuze. Iweke Debian yenye kioo na uifanye meza ya kusomea ya watoto, ikichukua kila kitu kutoka kwenye seva na kuzimwa usiku. Itakufaa hivyo kwa miaka kadhaa, ingawa Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya umri huo. Pentium 4 ni habari nyingine. Prosesa yake inaweza kutoa joto la wati zaidi ya 80 peke yake, na ikiwa ni ya biti 32, Debian 13 haina tena kisakinishi chake. Toa humo skrubu, kebo na feni, diski uipime kwa smartctl kama zile nyingine, na sanduku la chuma umpelekee fundi wa kuchomelea, maana bati lake ni zuri na kwangu limekuwa rafu ya ukutani ambayo T430 imelala juu yake, na mkoba wake umetundikwa pembeni.