Ruzuku ya safari ya kuchunguza visukuku vya Ruhuhu

Ndugu, umeuliza kama ombi lako la ruzuku ya kwenda London kuchunguza mageuko ya wanyama watambaao litafikiriwa ilhali hujamaliza uzamivu. Naamini litafikiriwa, kwani ruzuku nyingi za namna hii huwalenga watafiti chipukizi, ila wafadhili watataka kujua ni mifupa ipi utakayoichunguza na kwa nini picha zake hazitoshi.

Hoja hiyo unayo tayari. Mifupa ya Teleocrater, mnyama mtambaao wa kale, iliyokusanywa na Parrington, mtaalamu Mwingereza wa visukuku, katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, mwaka 1933 imehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia Asilia ya London, na mingine iliyopatikana huko mwaka 2015 ni ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Ilipochunguzwa yote kwa pamoja, mnyama huyo alipewa jina rasmi mwaka 2017, akadhihirika kuwa na kifundo cha mguu kinachofanana na cha mamba ingawa yumo katika ukoo uliozaa dinosaria na ndege. Ni fahari kwamba swali zito kama la jinsi ukoo huo ulivyoanza linajibiwa kwa mifupa ya kusini mwa Tanzania, nawe uliseme hilo bila kusita.

Mwandikie kwanza msimamizi wa mkusanyo, kisha uambatishe jibu lake pamoja na namba za usajili za vielelezo. Katika bajeti usisahau viza, na uulize mapema kama fedha hutolewa kabla ya safari au hurejeshwa baadaye.